Uliza Kabla Hujaitwa Daktari

Mwanafunzi wa tiba wa mwaka wa kwanza akiuliza bandama iko upande gani, wenzake watacheka kidogo kisha watamwonyesha. Wa mwaka wa nne akiuliza swali hilohilo, mwalimu atamtazama mara mbili. Aliyekwisha kupata shahada, ambaye jina lake limeandikwa kwenye ratiba ya zamu ya hospitali ya wilaya, huyo hatauliza kabisa. Atanyamaza, atakisia, na gharama ya kukisia kwake italipwa na mgonjwa. Haki ya kuuliza hupungua kila mwaka, na haja ya kujua huongezeka kila mwaka. Yote nitakayowaambia vijana wanaosomea udaktari hapa Bujumbura yanatokana na jambo hilo moja: kila hatua ina maswali yake, na ukiyaruka wakati wake, baadaye utaona haya kuyarudia.

Nasema Bujumbura kwa makusudi. Ushauri mwingi unaozunguka mikononi mwa wanafunzi uliandikwa kwa ajili ya kijana wa Lyon au Boston. Wetu huenda Kamenge, kwenye hospitali ya chuo, kwa miguu siku ambazo petroli imekosekana na mabasi yamelala. Hufundishwa kwa Kifaransa, mgonjwa humjibu kwa Kirundi au Kiswahili, na akitaka kujua yaliyogunduliwa mwaka jana huyakuta kwa Kiingereza. Lakini ana utajiri ambao mwenzake wa Lyon hana: ataona wagonjwa wengi, tena mapema, na ataruhusiwa kuwagusa. Basi ajiandae kwa utajiri huo.

Miaka ya kwanza, kabla ya wodi

Wanaoingia Kitivo cha Tiba cha Chuo Kikuu cha Burundi, au Hope Africa, ni wale waliokuwa wakiongoza darasa huko walikotoka. Walifika hapo kwa kukariri, na hawaoni sababu ya kubadili dawa iliyowaponya. Majina ya mifupa na mishipa yanakaririwa, hilo halikwepeki. Ila kama saa hazitoshi, na hazitatosha, afadhali uibie anatomia kuliko fiziolojia. Jina la mshipa uliosahaulika utalipata kwenye kitabu dakika mbili kabla ya upasuaji. Namna moyo, figo na mapafu vinavyosaidiana mtu anapopoteza damu, hiyo huwezi kuifungua kitabuni huku mama anatokwa damu mbele yako.

Tuchukue jambo ambalo mji wetu wa kando ya ziwa unalijua vizuri, kipindupindu. Mwanafunzi wa mwaka wa pili husoma kwamba ukuta wa utumbo una milango inayopitisha sukari na chumvi vikiwa pamoja, na vikipita, maji huvifuata. Hulikariri, hulijibu kwenye mtihani, halafu hulisahau. Laiti angeuliza swali moja tu: hili lina faida gani kwa mgonjwa? Angejibiwa kwamba sumu ya kipindupindu huvuruga njia nyingine za chumvi na kufungulia maji yatoke, lakini mlango huo wa pamoja huuacha ukifanya kazi. Ndiyo maana maji yenye chumvi na sukari kwa kipimo humwokoa mtu anayeharisha ndoo kwa ndoo. Mwaka 1971, katika kambi ya wakimbizi wa Bangladesh huko Bongaon, India, daktari Dilip Mahalanabis aliishiwa na dripu akaamua kuwanywesha wagonjwa maji hayo. Vifo vikashuka kutoka kama asilimia 30 hadi chini ya 4. Mwanzoni mwa 2023 Burundi ilipotangaza mlipuko wa kipindupindu, Bujumbura ikiwemo, kilichowaokoa wengi kilikuwa kurasa zilezile za mwaka wa pili ambazo watu huzifunga mara tu matokeo yakitoka.

Kwa hiyo kila unaposoma kiungo au kemikali, malizia kwa swali: hiki kikiharibika, mgonjwa atalalamika nini, na mimi nitaona nini? Kwa wakati huu una ruhusa ya kumsumbua mwalimu yeyote. Msumbue.

Jambo la pili la miaka hii ni lugha. Mtu aliyesoma shule ya mlimani akaja na Kifaransa cha kubabaisha asijifiche nyuma ya darasa. Asome kwa sauti, aandike muhtasari kwa maneno yake mwenyewe, amwombe mwenzake amsahihishe. Na yule mtoto wa mtaa wa Rohero ambaye Kifaransa chake ni maji, naye ana deni lake: ajifunze Kirundi cha mashambani na Kiswahili cha mtaa wa Buyenzi. Sijawahi kumwona mgonjwa aliyepona kwa sababu daktari wake alitamka vizuri. Nimewaona wengi waliotibiwa ugonjwa usio wao kwa sababu hakuna aliyewaelewa.

Takwimu na Kiingereza cha kusoma makala navyo vianze hapa, kidogo kidogo. Sitavikalia sana, anayevitaka ataviona njiani.

Unapovaa koti jeupe kwa mara ya kwanza

Siku utakayoingia wodini, iwe Kamenge kwenye hospitali ya chuo, iwe Prince Régent Charles au hospitali ya jeshi, wagonjwa watakuita “Muganga”. Hawajui kwamba wewe ni wa mwaka wa tatu na kwamba jana ulikuwa hujui kufunga kifaa cha kupimia presha. Jina hilo ni tamu, na ndilo linaloanza kuziba midomo. Jitambulishe ulivyo: mwanafunzi, umekuja kujifunza, unaomba ruhusa. Mzee atakubali, na pengine atakuwa mwalimu wako bora wa wiki hiyo, kwa sababu muda anao na ugonjwa anao yeye.

Kazi ya hatua hii ni mbili tu: kusikiliza habari ya mgonjwa hadi mwisho, na kufundisha mikono. Vipimo visikudanganye. Kuna siku mashine haina kemikali, kuna siku umeme umekatika, kuna siku mgonjwa hana faranga za kulipia. Masikio, macho na vidole ndivyo vinavyobaki. Ukishakubaliwa kumpapasa mtu tumbo, mpapase hadi uijue bandama iliyovimba kwa malaria ya mara kwa mara, kisha umpapase wa kitanda cha pili ambaye hana kitu, ili ujue kilicho sawa kikoje. Wengi huruka wagonjwa wasio na dalili, na matokeo yake kila tumbo linakuja kuwa na mashaka.

Ndugu wa mgonjwa usimpite kama kiti. Katika hospitali zetu kila kitanda kina mtu wake anayelala chini, anayepika, anayefua, anayemgeuza mgonjwa. Warundi humwita umurwaza. Yeye ndiye anayejua kwamba jana usiku mgonjwa alipayuka, kwamba mkojo ulikuwa mwekundu, kwamba dawa ya asubuhi ilitapikwa. Muulize, tena kwa heshima: “Mama, usiku ulikwendaje?”

Na kuna swali moja ambalo namna ya kuliuliza ni muhimu kuliko swali lenyewe: kabla ya kuja hapa mlipita wapi? Mama ameleta mtoto mwenye homa na sauti iliyokauka, na hasemi kwamba wiki iliyopita mtoto huyo alikatwa kimeo. Hasemi kwa sababu mara ya mwisho aliposema, aligombezwa mbele ya wodi nzima. Ukiuliza kwa ukali, atakuambia hakupita popote, nawe utabaki kutafuta malaria wakati jeraha liko kooni linaoza. Ukiuliza kama unayeuliza njia, atakuambia kila kitu, hata jina la dawa ya majani. Lawama, kama zipo, zina siku yake. Kwanza mwanga, kijiko, na fungua kinywa.

Muuguzi wa zamu

Nitakaa hapa kidogo, kwa sababu hapa ndipo wanafunzi wetu wanapopoteza zaidi. Kuna dhana kwamba daktari anajifunza kwa daktari, na muuguzi ni wa kuagizwa. Historia ya nchi hii ingetosha kuifuta. Chini ya Wabelgiji, Mrundi au Mnyarwanda aliyetaka kutibu alipelekwa Astrida, ambayo leo ni Huye nchini Rwanda, akatoka akiwa msaidizi wa daktari. Watu hao na wauguzi ndio walioshika wodi wakati madaktari walikuwa wachache mno. Ujuzi wa mikono uliopo hospitalini hadi leo umerithishwa zaidi kando ya kitanda kuliko jukwaani.

Angalia dripu. Daktari anaandika: mililita 500 kwa saa 4. Anatia saini, anaenda. Wodini hakuna mashine ya kupima. Kuna mrija, kuna kigurudumu cha plastiki cha kubana, na kuna saa ya mkononi ya muuguzi. Mrija wa kawaida wa watu wazima huangusha matone 20 kwa mililita moja. Mililita 500 kwa saa 4 ni 125 kwa saa. Zidisha kwa 20, gawanya kwa dakika 60, unapata kama matone 42 kwa dakika. Muuguzi mzoefu haongei hesabu hiyo. Anasogeza saa karibu na kichupa, anahesabu matone kumi au kumi na moja kwa robo dakika, anabana kidogo, anahesabu tena. Baada ya nusu saa anarudi, kwa kuwa anajua mgonjwa atakuwa amekunja mkono na matone yamesimama. Mwanafunzi aliyekaa naye amejifunza hesabu, amejua kwa nini dripu nyingi za usiku hazifiki zilikoandikiwa, na tangu siku hiyo hataandika agizo bila kujiuliza nani atalitekeleza na kwa saa gani.

Sema hivi: “Mama, naomba unionyeshe.” Maneno hayo mwaka wa tatu ni ya kawaida na yanapendwa. Mwaka wa mwisho tayari ni mazito mdomoni. Jifunze kutoa damu, kuweka sindano ya dripu kwenye mshipa wa mtoto, kuingiza mrija wa mkojo, kupuliza hewa kwa mtoto mchanga asiyelia, kusafisha kidonda. Ukitoka chuoni hujui kumwekea mtoto sindano, shahada yako itakuwa na shimo usilothubutu kumwonyesha mtu.

Miaka ya kuzunguka idara

Hapa ratiba inakushinda nguvu: magonjwa ya ndani, watoto, uzazi, upasuaji, na nyinginezo. Usitafute kujua yote kwa kiwango sawa. Jiulize ni magonjwa gani yatakuja mikononi mwako usiku, mwalimu akiwa mbali, na yanaua kwa saa chache. Hayo yajue hadi usingizini.

Kwa watoto, la kwanza ni malaria kali. Machi 2017 serikali ilitangaza malaria kuwa janga, na hata bila tangazo, wodi zetu hujaa kila msimu wa mvua. Atesuneti ya sindano: miligramu 3 kwa kila kilo kwa mtoto aliye chini ya kilo 20, na 2.4 kwa aliyezidi; mara anapofika, baada ya saa 12, baada ya saa 24, kisha mara moja kwa siku hadi aweze kumeza dawa na kumaliza dozi kamili ya vidonge. Hayo utayakuta ukutani. Yasiyo ukutani ni kupima sukari ya damu kwa kila mtoto aliyepoteza fahamu kabla hujasema ni malaria ya ubongo tu, na kumpima uzito kila mara. Utafiti wa kitaifa wa 2016 na 2017 ulikuta asilimia 56 ya watoto wa chini ya miaka 5 nchini wamedumaa. Maana yake kwako ni hii: ukikadiria dozi kwa umri, zaidi ya nusu ya watoto wako utawakadiria uzito wasio nao. Mizani ikiharibika, hilo ni jambo la dharura, liripoti kama unavyoripoti ukosefu wa oksijeni.

Mtoto mwenye utapiamlo mkali ana sheria zake, na zinapingana na mazoea ya mkono. Anaonekana amekauka, unataka kumwagia dripu, na moyo wake mdogo uliochoka hauwezi kubeba maji hayo. Apewe joto, sukari, dawa za kuua vijidudu, maziwa ya F-75 kidogo kidogo usiku na mchana. Dripu ni ya aliye katika mshtuko, na kwa uangalifu. Muulize mwalimu akueleze sababu, kwa sababu kanuni usiyoijua sababu yake utaivunja saa tisa za usiku.

Uzazini, usiwe mtu wa kuja mtoto anapotoka na kuondoka kondo likifika. Chagua mama mmoja, akubali, ukae naye tangu uchungu unapoanza hadi saa mbili baada ya kujifungua, ukijaza partografu mwenyewe chini ya mkono wa mkunga. Utafiti uleule wa 2016 na 2017 ulikuta akina mama 334 wakifa kwa kila vizazi hai 100,000, na damu ya baada ya kujifungua na kifafa cha mimba ni miongoni mwa wauaji wakuu duniani. Jifunze kukadiria damu iliyomwagika kwenye kitenge na sakafuni, kwa sababu jicho lisilofundishwa hukadiria pungufu. Jifunze oksitosini inakaa wapi na nani ana ufunguo. Ukimpa mwenye kifafa cha mimba magneziamu, kabla ya kila dozi angalia vitu vitatu: goti linaruka ukiligonga, pumzi hazijapungua, mkojo unatoka. Na kalsiamu iwe karibu, imeshatayarishwa.

Magonjwa ya akili wanafunzi huyaona kama wiki za kupumzika. Hapa Kamenge kuna kituo kinachoendeshwa na Mabruda wa Upendo, na nchi hii imetoka kwenye vita vilivyoanza 1993 vikala zaidi ya miaka kumi. Mwanamke atakayekuja kwako mara tano na maumivu ya kichwa yasiyo na kipimo, utamkuta kila wodi na kila wilaya. Nenda kituoni, uone namna ya kuuliza habari za usingizi na za waliokufa bila kumvunja mtu.

Jifunze pia kushuku. Si kila homa ni malaria, hata kipimo kikiwa na mistari miwili. Mtu anaweza kuwa na vimelea vya malaria na utumbo uliotoboka kwa taifodi kwa wakati mmoja. Vua mgonjwa nguo, kwa staha, mwangalie ngozi yote. Tarehe 25 Julai 2024 Burundi ilithibitisha wagonjwa wake wa kwanza wa mpoksi, na Bujumbura ikawa kitovu. Ugonjwa wa namna hiyo haungojei sura mpya ya kitabu. Wa kwanza kuuona ni mtu aliyepandisha shati la mgonjwa akasema: upele huu siujui, naomba mtu mwingine auone.

Bei ya unachoandika

Hakuna somo la hili kwenye ratiba, nami ningeliweka. Tangu tarehe 1 Mei 2006 watoto wa chini ya miaka 5 na akina mama wanaojifungua hutibiwa bure katika hospitali za umma. Ulikuwa uamuzi mkubwa, na ndio uliojaza wodi unazojifunzia. Lakini mtoto wa miaka minne hulipiwa, ila kaka yake wa miaka sita halipiwi, na baba yao anayevunjika mguu analipa mwenyewe kama hana kadi ya msaada wa matibabu wala bima ya watumishi wa serikali. Mwaka huohuo wa 2006, shirika la Human Rights Watch lilichapisha ripoti ndefu juu ya wagonjwa maskini wa Burundi waliozuiliwa hospitalini kwa kushindwa kulipa. Wapo waliozuiliwa wakiwa wamekwisha kupona. Kilichowafunga kilikuwa karatasi, na sehemu ya karatasi hiyo iliandikwa na daktari: kipimo hiki, picha ile, dawa ya gharama wakati ya bei nafuu ipo.

Basi mwaka wa tano, omba asubuhi moja ukae kwa mhasibu, na nyingine ukae famasi. Uliza bei ya picha ya kifua, ya chupa ya damu, ya siku moja ya kitanda. Kisha rudi wodini uangalie vipimo vitano ulivyoomba juzi, ujiulize ni vingapi vilibadili matibabu. Mgonjwa anayejua kwamba dawa tatu ulizomwandikia hawezi kuzinunua atanunua moja, na atakayeichagua ni muuza duka. Afadhali uchague wewe: mwambie ipi isikose.

Usiku wa mwanafunzi wa mwaka wa mwisho

Ukifika hatua ya kushika zamu, unachojifunza ni mpaka wako. Wapo wanaodhani kumwita mkubwa usiku ni kujiaibisha. Wakubwa wengine, niseme ukweli, wamewalea hivyo kwa kufoka kwenye simu. Piga hata hivyo, ila piga vizuri. Sentensi ya kwanza iseme unataka nini: nakuomba uje, au nakuomba ushauri. Ya pili iseme mgonjwa ni nani na hali yake sasa: presha, mapigo, pumzi, fahamu. Ya tatu iseme umeshafanya nini. Habari ya shangazi yake na ya hospitali ya kwanza ingoje. Simu ya namna hiyo huchukua dakika moja na hata mkali hupoa, maana amepata kitu cha kuamua. Kisha andika saa uliyopiga.

Vilevile jifunze kukabidhi zamu. Asubuhi umechoka, unataka kulala, na hapo ndipo mgonjwa wa kitanda cha dirishani anaposahauliwa na wote wawili, anayetoka na anayeingia. Tembeeni pamoja kitanda kwa kitanda, hata kama ni dakika kumi tu.

Na kifo. Muombe mkubwa akuruhusu usimame karibu anapowaeleza ndugu, kabla haijawa kazi yako. Utaona kwamba mwenye busara hamwambii mama kwenye korido wala akiwa peke yake. Huuliza nani amekuja naye, humtafuta mkubwa wa familia, huketi, husema neno “amefariki” bila kulizungusha, kisha hunyamaza. Kunyamaza kule ndiko kugumu.

Tasnifu na karatasi

Wengi huandika tasnifu ya kumaliza kwa kuchukua kichwa kikubwa kilichoazimwa. Chukua kidogo, kilichopo kwenye rejista ya wodi uliyofanyia kazi: akina mama waliopasuliwa walisubiri muda gani tangu uamuzi hadi kisu, watoto waliopewa damu walisubiri saa ngapi. Denis Burkitt, mpasuaji wa hospitali ya Mulago, Kampala, alianza na kidogo kuliko hapo. Mwaka 1957 aliitwa kumwona mtoto aliyevimba taya zote mbili. Muda mfupi baadaye, huko Jinja, akaona mwingine wa namna ileile, akashtuka. Mwaka uliofuata aliandika, na 1961 alisafiri kwa gari kama kilomita 16,000 katika Afrika ya mashariki na kusini akiuliza hospitali kwa hospitali kama wamewaona watoto wa namna hiyo, hadi ikaonekana kwamba saratani hiyo hufuata nchi zenye joto na mvua, zilezile za malaria. Leo ina jina lake. Alikuwa mpasuaji mwenye kazi nyingi ambaye hakuona haya kuuliza swali moja kila alipofika.

Neno jingine la karatasi, la kwetu zaidi. Mwishoni mwa Aprili 2015, kwa sababu ya machafuko, chuo kikuu kilifungwa na wanafunzi wakatakiwa kutoka mabwenini. Mwaka 1993 ilikuwa mbaya mara nyingi zaidi. Deogratias Niyizonkiza alikuwa mwanafunzi wa tiba kwenye mafunzo katika hospitali ya Mutaho mauaji yalipoanza Oktoba ya mwaka huo. Alikimbia kwa miguu, akafika New York 1994 akiwa na dola kama 200 na bila Kiingereza, akaanza upya kabisa, hadi akasoma Columbia. Baadaye alirudi akajenga kliniki Kigutu, na Tracy Kidder akayaandika maisha yake katika kitabu cha 2009. Si kila mtu ana miguu hiyo. Weka nakala ya matokeo yako ya kila mwaka, yenye muhuri, sehemu mbili tofauti, na nyingine kwenye simu ya mtu unayemwamini nje ya mji. Andika kila upasuaji ulioshiriki, na msimamizi atie saini wiki hiyohiyo, si miaka miwili baadaye unapohitaji.

Kituo cha kwanza

Ukishajiandikisha kwa Baraza la Taifa la Madaktari, yawezekana ukapelekwa hospitali ya wilaya ambako daktari wa kawaida, asiye na ubingwa, ndiye anayempasua mama ili kumtoa mtoto. Kwa hiyo mwaka wa mwisho, usikubali kutoka bila kuwa umeshika kisu chini ya uangalizi mara za kutosha hata msimamizi aseme mwenyewe kwamba umeweza. Wanafunzi wa Hope Africa wanaopelekwa Kibuye, mkoani Gitega, hupata nafasi nzuri ya kuona kazi ya mashambani ilivyo. Wa vyuo vingine watafute nafasi ya namna hiyo, hata kwa likizo yao.

Na utakapofika kituoni, una wiki moja hivi ya ugeni. Katika wiki hiyo haki ya kuuliza hurudi yote, kama ya mwaka wa kwanza, kwa sababu mgeni huruhusiwa kutojua. Itumie jioni ileile ya kwanza, kabla hujafungua sanduku. Uliza mtaalamu wa dawa ya usingizi anaishi wapi na kama simu yake hushika usiku. Uliza damu inatoka wapi na huchukua saa ngapi kufika. Uliza mtungi wa oksijeni ulijazwa lini, nani hulala na ufunguo wa famasi, mkunga gani ana miaka mingi kuliko wote hapo, kisha ukamsalimu. Halafu tembea hadi lilipo gari la wagonjwa, umwombe dereva aliwashe, na uangalie mwenyewe mshale wa mafuta.